Fundi wa mito ya kwapani, Ngamiani: mto, dera na sidiria za waliofanyiwa upasuaji wa titi

Kama unangojea upasuaji wa titi, au una mama, dada au wifi anayengojea, nenda kwa fundi huyu kabla ya siku ya upasuaji. Naanza na hilo kwa sababu lina faida kuliko yote nitakayoandika hapa. Wengi wetu humfikia tukiwa tumesharudi kutoka hospitali, mkono haunyanyuki, na zile siku za mwanzo ambazo vitu vyake vingetufaa zaidi zimekwisha kupita.

Fundi ni mama wa makamo. Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, Ngamiani, mjini Tanga, kwenye moja ya zile barabara za namba, upande wa kuelekea soko la Mgandini. Bango hana. Utaona baraza pana ya saruji, cherehani mbili za miguu, na sare za shule zimetundikwa mlangoni, maana mkate wake wa kila siku ni sare na magauni ya harusi. Kazi hii nyingine aliianza dada yake alipofanyiwa upasuaji akakosa nguo ya kumvalisha atoke nayo wodini. Hakutaka nimtaje jina. Ukifika Ngamiani ukawauliza kina mama habari za fundi wa mito ya kwapani, utaelekezwa.

Mto wenyewe ni shilingi 12,000. Umekatwa umbo la kopa, lile la karata, na umbo hilo lina kazi yake: ile sehemu iliyobonyea inaingia kwapani, masikio yake mawili moja linakaa mbele ya kifua na jingine nyuma, na mkono unapumzika juu bila kugusa kidonda. Asiyepitia hawezi kujua jinsi mkono wako mwenyewe unavyoweza kuwa mzigo. Ukiulaza ubavuni unabonyeza mshono, ukiuinua unavuta, ukilala chali bega linauma hadi alfajiri. Mto huu unauweka mkono mahali pa katikati ambapo hauvuti wala haubonyezi. Mimi niliutumia kitandani, kwenye kochi, kwenye kiti cha kuswalia, na mjukuu wangu alipotaka kupakatwa niliuweka kati yake na kifua.

Lakini mahali uliponisaidia mno ni kwenye basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350, na wagonjwa wetu wengi wa saratani wanaipita njia hiyo mara kwa mara kwa ajili ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, na mionzi, Chalinze, Segera, Muheza, na kila kijiji kina matuta yake. Ukanda wa kiti unapita hasa pale palipokatwa. Weka mto kati ya ukanda na kifua, utafunga ukanda kama abiria wengine na tuta halitakuchoma. Nimewahi kukaa jirani na dada aliyekuwa ameukunja mtandio akaushikilia kifuani njia nzima kwa mkono mmoja. Nilimpa wangu tangu Segera mpaka tunaingia stendi.

Umbo hilo lina asili yake. Lilianzia Marekani, Chattanooga katika jimbo la Tennessee, kwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani aitwaye Janet Kramer-Mai, ambaye mwenyewe aliugua saratani ya matiti. Mwaka 2006 muuguzi mwingine, Nancy Friis-Jensen, akaupeleka mto huo Denmark, na kutoka huko ukazidi kusambaa. Fundi alipewa karatasi ya mkato na nesi mmoja mstaafu, akaikata upya mara kadhaa mpaka ikakubaliana na miili ya huku.

Mwanzo alikuwa akijaza sufi, kwa kuwa misufi ipo na sufi yake haina gharama kubwa. Sufi ni laini na haina joto, na mtu wa pwani ameilalia tangu utoto. Shida yake ni kufua. Ikishalowa inagandamana, mto unabaki na mabonge, na mto wa kwapani lazima ufuliwe kwa sababu kidonda hutoa majimaji. Sasa anajaza zile nyuzi nyeupe nyepesi za mito ya makochi, na juu anavalisha foronya mbili za pamba za kubadilisha. Ukitaka sufi bado anakushonea, ila anakuambia wazi kwamba utafua foronya tu. Mimi nilichagua nyuzi na nashauri hivyohivyo. Angalia pia ujazo: mto mgumu unasukuma mkono mbali na mwili na bega linachoka. Mwambie aupunguze mpaka ubonyee kidogo ukiulalia mkono.

Dera ni shilingi 30,000 kwa kitambaa chake, 15,000 ukienda na chako. Dera la kawaida linavaliwa kichwani, na mtu aliyetolewa tezi za kwapani hawezi kuinua mikono kulipitisha. Hili limefunguliwa mbele kuanzia shingoni hadi chini ya kitovu, lina vifungo vya kubana ambavyo unavifungua kwa mkono mmoja, na mikono yake ni mipana. Upana huo si urembo. Tezi zikishatolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata baada ya muda mrefu, na nguo inayobana au bangili iliyokaza hazifai. Ndani, usawa wa kiuno, kuna mifuko miwili.

Ile mifuko ndiyo iliyonifanya nimheshimu huyu mama. Baada ya upasuaji maji hujikusanya chini ya ngozi, kwa hiyo hospitali huacha mpira mwembamba unaoyatoa kwenda kwenye kichupa, na wengine wetu tunarudi nacho nyumbani. Kichupa kinaning'inia. Wapo wanaokibana kwenye kanga kwa pini, wapo wanaokishika mkononi kutwa nzima, wakienda msalani hawajui wakiweke wapi, na mpira ukivutwa maumivu yake siyaelezi. Ukikitia mfukoni kinatulia, mikono yako inabaki huru, na mgeni aliyekuja kukupa pole haoni damu. Katika nyumba zetu wagonjwa hutembelewa kutwa, mlango haufungwi, na mgonjwa anakaa sebuleni mbele ya majirani, mawifi na watoto wao. Kustirika katika hali ile ni sehemu ya kupona.

Rangi za madera si nyingi. Nilimwomba la samawati ikabidi ningoje kitambaa kipatikane.

Sasa sidiria na titi lake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Wifi yangu aliniletea titi la silikoni kutoka Muscat. Ni kitu kizuri, lina umbo na uzito wa titi, na sikuanza nalo mpaka kidonda kilipopona kabisa, kama nilivyoelekezwa hospitali. Ila joto la Tanga wakati wa kaskazi mnalijua. Jasho linajikusanya nyuma yake, ngozi ya kovu inawasha, na kufikia adhuhuri unatamani kulivua mbele za watu. Na kwa aliyechomwa mionzi ngozi inakuwa nyepesi kuchubuka. Tulipokuwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, tuliambiwa tusipake manukato wala poda kwenye sehemu inayochomwa, ushauri mzito kwa mwanamke wa pwani aliyezoea udi na marashi, na baada ya hapo sikutaka kuiwekea ngozi hiyo chochote kinachozuia hewa.

La fundi limefumwa kwa uzi wa pamba, kazi ya binti wa dada yake, na ni shilingi 15,000. Ni jepesi, linapitisha hewa, linafuliwa kwa mkono na sabuni ya kawaida, likianikwa kivulini asubuhi jioni limekauka. Nyuma lina tundu dogo la kamba: unalifungua, unaongeza au unapunguza nyuzi za ndani mpaka lilingane na titi lililobaki. Hilo ni jambo kubwa. Mwili wakati wa matibabu unanenepa na kukonda, na titi la kununua haliwezi kukufuata.

Wepesi wake nao una kasoro: linapanda. Ukitembea hadi sokoni, linafika karibu na mfupa wa bega huku jenzake limebaki chini. Fundi ameliwekea dawa ya kutumia shanga. Anashona kifuko kidogo cha kitambaa, anakijaza shanga za kioo, anakiweka ndani upande wa chini, na titi linapata uzito wa kutulia. Amewahi kuona wenzake wakiweka kunde au mchele, na jasho likaziozesha. Shanga hazina jasho wala wadudu. Alipokuwa akizimimina kwenye kifuko mbele yangu, zile za rangi tunazozijua sote tuliofundwa, sikuweza kusema kitu, na yeye hakunihimiza niseme.

Sidiria yake ni shilingi 18,000, na ina mfuko wa ndani wa kulitia titi. Usinunue titi bila sidiria hii. Sababu ni ya kila siku: sala. Ukirukuu, titi lililowekwa tu kwenye sidiria ya kawaida linasogea mbele, ukisujudu linatoka. Nimesikia kina mama wawili, watu wazima wenye heshima zao, waliacha kwenda kuswali jamaa na wenzao kwa hofu ya jambo hilo peke yake. Kwenye mfuko huu halitoki. Nimeswali tarawehe nayo, rakaa kwa rakaa, na sikuliwaza titi.

Haina waya. Mikanda ya mabegani ni mipana, na kufungwa kwake ni mbele. Wenye matiti makubwa waseme mapema, kwa sababu mikanda aliyonionyesha kwanza ingemfaa mtu mwenye titi dogo, na kwa mwili mzito ingekata bega. Uzi wa kufumia ana wa rangi mbili tu zinazokaribia ngozi zetu, na nadhani mwanamke mweusi kabisa anastahili uzi unaomfaa. Nilimwambia. Kwa gauni la harusi linalobana, nasema kweli, silikoni bado inapendeza zaidi, na mimi ninayo kwa ajili ya siku hizo.

Kuna jambo moja alilokataa kuniuzia. Nilifika kwake mara ya kwanza mshono wangu ukiwa bado unatoa maji pembeni, nikataka titi siku hiyohiyo. Aliangalia, akanifunika vizuri na kanga, akasema, "Hapana, mama. Hapo bado pa daktari. Mto chukua, dera chukua, hilo jingine pakikauka." Anamwambia hivyo kila mtu. Ukimwonyesha pamekuwa pekundu, panachoma, au una homa, hakupi neno la dawa wala la mafuta ya habati soda. Anakutuma hospitali ya Bombo, na akiona unasitasita anamtuma kijana wake akakuitie bajaji. Katika mji ambao kila baraza lina mganga wake, ukimya wake juu ya tiba una thamani.

Vipimo anavipima mwenyewe. Anapima pande zote mbili, wenye titi na usio nalo, kwa utaratibu uleule na kasi ileile, na anasema namba kwa sauti ya kawaida binti yake aandike. Mimi nilikuwa sijaonwa na mtu hapo isipokuwa watu wa hospitali na mwanangu. Hakusema pole, hakusema umependeza, hakugeuza macho. Alipima. Nilipotoka nje nilikuwa nimesimama wima kwa namna ambayo mwanangu aliiona kabla yangu.

Ila pazia. Chumba cha vipimo kimetengwa na pazia moja jepesi, na kuna wateja wa sare nje, na upepo wa bahari ukivuma alasiri pazia linainuka. Kwa huduma ya namna hii mlango unahitajika. Tumemwambia wengi, anasema atajenga ukuta wa mbao. Mpaka atakapojenga, nenda asubuhi, au mwombe binti asimame pale.

Katika kifurushi anaongeza kamba aliyoisuka kwa vipande vya kanga, ya kupitisha juu ya mlango na kuvuta mkono mmoja kwa mwingine polepole. Anasisitiza umuulize kwanza anayekusimamia mazoezi hospitali lini uanze. Kamba ile ilinikumbusha habari ya Terese Lasser wa New York, ambaye mwaka 1952, baada ya kukatwa titi yeye mwenyewe, alianza kuwatembelea wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wake. Ndiyo ikawa Reach to Recovery, na mwaka 1969 chama cha saratani cha Marekani, American Cancer Society, wakaichukua kazi hiyo. Wageni wale walimpelekea mgonjwa titi la muda la kutia kwenye sidiria, kamba na mpira mdogo wa kuminya, ili mkono usikakamae. Mimi mkono wangu niliupima kwa takbira. Mwanzo mkono wa kushoto uliishia kifuani, baadaye ukafika begani, na siku ulipofika usawa wa sikio nilirudia takbira bila haja, nikaomba msamaha kwa Mola wangu kwa furaha iliyonizidi.

Kilichobaki hakimo kwenye bei. Jumamosi baada ya alasiri baraza la fundi linajaa. Wanakuja waliokwisha kununua, wanakaa mkekani na kujaza mito ya wengine. Mwenye mkono mzima anajaza, mwenye mkono unaouma anahesabu foronya. Kuna mbaazi na maandazi, kila mtu kaleta alichoweza. Wasioweza kulipa wanapewa mto uliochangwa hapo, na fundi haulizi ushahidi wa umaskini wa mtu.

Mazungumzo ya pale sijayasikia mahali pengine. Nani amwambie mama mkwe. Jinsi ya kukuna nazi kama mkono haukubali (usikune, mpe mtoto, au pita sokoni ununue iliyokunwa, mumeo hatakufa). Nywele zikianza kurudi baada ya kemo zinavyoota laini za kitoto. Kwamba kuna usiku utalia na haimaanishi huna imani. Hakuna anayemwambia mwenzake "jikaze". Fundi amelipiga marufuku neno hilo barazani kwake, na mimi naona ni sheria nzuri kuliko zote alizoziweka.

Jumamosi moja alikuja dada wa Pangani, hajafika hata miaka arobaini, ameambiwa akatwe na amekataa. Alikuja na shangazi yake. Hakuna aliyemhubiria. Alikaa, akapewa chai, akawa anatazama mikono ya watu ikijaza mito. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, panabaki pakoje. Bibi mmoja wa Makorora, mwenye wajukuu wakubwa, akainuka, akamshika mkono, wakaingia nyuma ya lile pazia. Binti akasimama kulishika lisipepee. Walikaa humo kitambo. Sisi huku nje tuliendelea kujaza mito na hakuna aliyezungumza. Walipotoka, yule dada aliuliza swali la pili: "Mume wako alipaona?" Bibi akajibu, "Yeye ndiye aliyekuwa akiniosha." Dada akaomba aonyeshwe mto. Fundi akampa mmoja uliokuwa tayari, wala hakutaja bei.

Waume nao wanakuja, wachache. Nilimkuta mmoja ameegemeza baiskeli ukutani, hajui atamke vipi anachotaka, ameandika vipimo vya mkewe kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Fundi akampokea kama mteja yeyote.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda: Ijumaa mchana hayupo. Ukitaka dera jipe wiki nzima, na ukikaribia Ramadhani au Idi jipe zaidi, kwa sababu sare na nguo za sikukuu zinammeza na ahadi zake za "kesho" haziaminiki. Risiti haandiki, kwa hiyo anayerudishiwa gharama na bima au kazini asitegemee hilo. Walio Muheza, Korogwe au Lushoto anawatumia kwa basi, nauli ya mzigo juu yako, na vipimo vinaweza kuchukuliwa na mtu wa nyumbani: mzunguko wa kifua chini ya titi, mzunguko juu ya lililobaki, na urefu kutoka bega hadi chuchu. Nenda umevaa nguo ya kufunguka mbele. Kama upasuaji bado, chukua mto na dera, na vitu vingine uviache mpaka kidonda kipone.

Na ukienda Jumamosi, pita ununue foronya nyeupe za pamba mbili tatu uje nazo. Zinaisha kila wiki.